Sindano Kwanza, Cherehani Baadaye

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya darasa la ushonaji la wanaoanza, ambalo sisi tulikuwa wanafunzi wake kwa muda wa miezi mitatu. Tulikuwa watu 11, wanawake 9 na vijana wanaume 2, na siku ya kwanza wengi wetu hatukuweza hata kurudisha kifungo penye shati. Twaandika kwa kuwa twajua ziko nyumba nyingi zenye swali lile lile tulilokuwa nalo: Je, siku hizi ambapo mitumba yapatikana kila soko, ipo faida gani mtu kujifunza kushona?

Mwalimu wetu, mama mtu mzima aliyeshika sindano tangu ujana wake, alitujibu kwa kucheka. Alisema, "Wanangu, mtumba hukatwa kwa kipimo cha mtu usiyemjua. Suruali ni ya mtu mrefu, na mtoto wako ni mfupi. Basi ni nani atakayeipunguza?"

Penye ukuta wa chumba zilisimama cherehani tatu za miguu, zimefunikwa kitambaa. Kila mmoja wetu alizitazama kwa hamu. Walakini mwezi wote wa kwanza hatukuruhusiwa kuzigusa. Tulipewa kipande cha marekani, sindano, uzi na subana, ndiyo kastabini kwa jina jingine, tukaambiwa tukae chini.

Nguo hiyo ya marekani ina habari yake. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Massachusetts waliileta Unguja kwa merikebu, na mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na serikali ya Marekani. Ndiyo sababu nguo ikaitwa kwa jina la nchi ilikotoka. Mwalimu aliichagua kwa kuwa nyuzi zake zaonekana wazi. Kwanza alitufundisha kutambua mtande, yaani nyuzi za urefu, na mshindio, yaani nyuzi zipitazo kati yake. Nguo ikivutwa kwa mtande hukaa imara. Ikivutwa mshazari hunyumbuka. Mtu akikata bila kuangalia jambo hilo, vazi lake litapindika mwilini, hata mshono uwe mzuri namna gani. Tena nguo ya pamba yapasa kufuliwa kabla ya kukatwa, maana hurudi ikilowa.

Kisha tulijifunza kukata uzi usiozidi mkono, kama sentimita 45, kwa kuwa uzi mrefu hujifunga mafundo. Tukajifunza kupiga bandi, na baadaye kushona kwa kurudi nyuma, sindano ikitoka mbele na kurudi pale mshono uliotangulia ulipoishia. Kila jioni mwalimu alipita, akatazama upande wa ndani, si wa nje, akasema neno moja tu: "Fumua." Tulifumua mpaka marekani ikawa na vitobo kama chujio.

Juma la tatu pakawa na manung'uniko. Mwenzetu mmoja alisema waziwazi, "Mama, tulilipa ada tujue cherehani. Sindano hata bibi zetu walikuwa nayo." Mwalimu hakukasirika. Aliondoa kitambaa juu ya cherehani moja, akazungusha gurudumu kwa mkono, pole pole, tuone. Sindano ilishuka na uzi wa juu. Ilipoanza kupanda, uzi ulifanya kitanzi chini ya nguo, na uzi wa pili, ule wa bobini, ukapita ndani ya kitanzi, nyuzi mbili zikakazana. Tundu la sindano hiyo liko karibu na ncha yake. Ndiyo njia ambayo Mmarekani Elias Howe alipewa hati yake mwaka 1846, na Isaac Singer akapata yake kwa cherehani aliyoitengeneza vema zaidi mwaka 1851. Kabla yao Mfaransa Barthélemy Thimonnier alikuwa na cherehani zake Paris, nao washonaji wakaziharibu mwaka 1831, wakiogopa kunyang'anywa mkate wao.

Mwalimu akasema, "Cherehani haijui kunyosha, mkono wako ndio unyoshao. Ukikosa kwa sindano, umekosa kitobo kimoja. Ukikosa kwa cherehani, umekosa urefu wa nguo kabla hujainua mguu." Mwenzetu yule hata hivyo alituacha juma lile. Hatumlaumu, maana alikuwa na haja ya kupata riziki upesi.

Siku chache baadaye, mama mmoja wa darasa letu, aliye mjane, alikuja na kaptura ya mwanawe. Mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kuwa kaptura ilikuwa imepasuka matakoni. Kununua mpya hakuweza, wala bei ya fundi hakuwa nayo. Mwalimu alimwambia afumue upindo mpana wa kaptura ile. Akapata humo kitambaa cha rangi ile ile, akakata kiraka kwa kufuata mtande, na mahali pa upindo akatia marekani kwa ndani, pasipoonekana. Alishona kwa kurudi nyuma, mshono mdogo mdogo, nasi tukakaa naye mpaka taa ikawashwa. Asubuhi mtoto alikwenda shule. Kaptura ile ilimaliza mwaka.

Tangu jioni ile hapana aliyenung'unika tena. Mwezi wa pili tulipokaa penye cherehani, kazi ilikwenda upesi, kwa sababu macho yalikwisha kujua mshono mzuri ulivyo. Mwezi wa tatu kila mmoja alishona shati la mtoto, lenye kola na matundu ya vifungo.

Basi, ninyi wazazi na walimu, twawasihi msingoje cherehani. Sindano mbili, uzi mweusi na mweupe, subana na mkasi mkali vyatosha kuanzia nyumbani. Wafundisheni wavulana pamoja na wasichana. Huku pwani mafundi wengi wa kanzu ni wanaume, na kofia nzuri zashonwa kwa mkono na wanawake, wala hapana aonaye haya. Mshono ukiachia kidogo leo, ushikeni leo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mtoto akiwaonyesha kazi yake ya kwanza, msiitazame upande wa nje tu. Igeuzeni, mtazame ndani, kisha mwambieni kwa upole lile neno la mwalimu wetu.