Tatuu mpya na joto la Dar

Wadau, leo siku ya sita. Jina la marehemu bibi liko kwenye mkono wangu wa kushoto, na linawasha balaa! Kukuna marufuku: ukibandua gamba kabla halijadondoka lenyewe, wino nao unaweza kutoka, herufi zikabaki na mapengo. Basi napigapiga kwa kiganja kisafi tu. Asubuhi na jioni naosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, nakausha bila kusugua, napaka mafuta kiduchu. Coco Beach naisusa wiki nne. Usaha au homa vikija, hospitali moja kwa moja.

Kazi iko kwenye daladala, kila mwenye jasho anakuegemea hapohapo! Na mama bado hajaliona. Jumapili naenda kwake, na shati la mikono mirefu kwenye joto hili ndiyo litamshtua zaidi...