Kutoa Hazinani Mapya na ya Kale



Wapendwa wanaparokia na ndugu wote mnaofuatilia tafakari hizi, juma hili ningependa tutazame jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana ni la mafundi wa kompyuta, kumbe lagusa imani yetu kwa karibu: namna ya kuhifadhi nyimbo.

Katika Injili ya Dominika ya 17 ya Mwaka A (Mt 13:44-52), Bwana wetu anahitimisha mifano ya Ufalme kwa kumtaja mwenye nyumba anayetoa katika hazina yake mambo mapya na ya kale. Sisi wahubiri hukaa sana kwenye hazina iliyofichwa shambani na lulu ya thamani, tukamwacha mwenye nyumba huyu amesimama mlangoni pake. Leo tumkaribie. Kazi anayotajiwa ni moja tu: anatoa. Kuwa na hazina ni jambo la watu wengi. Kuitoa kwa wakati wake ni jambo la wachache.

Wengi wenu mmekwisha kukiona kile kisanduku cheusi kilichoko ofisini katika nyumba ya mapadre, mkauliza ni cha nini. Ndani yake mna diski mbili za kompyuta, na humo zimo nyimbo zilizokuwa katika kaseti za kwaya zetu: Misa za Pasaka na Noeli, jubilei, mazoezi, hata mikesha. Zimo pia kaseti zangu mwenyewe, nami sioni haya kusema kwamba si zote za kanisani. Tanga ni mji wa muziki. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilivuma kutoka hapa katika miaka ya 1960 na 1970, na taarabu ya Black Star Musical Club, ambako Bi Shakila Saidi aliyefariki mwaka 2016 aliimba, ilisikika mbali kupita mipaka ya mkoa wetu. Mtu aliyekulia pwani hii hawezi kujifanya hakuzisikia.

Kwa nini tuliharakisha kazi hii? Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Utepe wake ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku, na katika kaseti za kawaida unga huo ni oksidi ya chuma, yaani ni wa jamii moja na kutu. Unashikwa na gundi, na gundi hiyo haipatani na joto wala unyevu. Hewa yetu ya bahari haina huruma: utepe huota ukungu, hunata, huacha vumbi la kahawia kwenye kichwa cha redio, na sauti hufifia. Bwana alipotuonya tusijiwekee hazina mahali ambapo nondo na kutu huharibu (Mt 6:19-20), hakuwa anazungumzia kaseti. Lakini mimi siwezi tena kuyasoma maneno yale bila kukumbuka kwamba sauti za wazee wetu tulikuwa tumeziandika juu ya kutu.

Shida hii si ya parokia peke yake. Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo ni TBC ya leo, ilirekodi bendi, vikundi vya taarabu na kwaya za nchi nzima katika tepe kubwa za duara. Mnamo mwaka 2012 mradi wa Tanzania Heritage Project ulichangisha fedha ili nyimbo hizo zipate kuhamishiwa kwenye kompyuta kabla tepe hazijaharibika. Ikiwa hazina ya taifa ina mashaka hayo, hazina iliyo katika boksi la viatu juu ya kabati la mwalimu wa kwaya ina mashaka zaidi.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza na ndefu kutenda. Vijana wetu wa VIWAWA huunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya, wakaifungua programu ya bure iitwayo Audacity, wakabonyeza na kusubiri. Hakuna njia ya mkato: kaseti ya saa moja huchukua saa moja. Saa hiyo ikihifadhiwa kwa ubora wa CD huchukua takriban megabaiti 600. Ikifinywa bila kupoteza kitu, karibu nusu yake. Ikifanywa MP3 ya kawaida, megabaiti 60 hivi. Sisi tulichagua njia ya katikati, maana kilichopunguzwa katika sauti hakirudi tena.

Kisha kisanduku huunganishwa na mtambo wa waifai wa nyumbani. Ndani yake huwekwa programu ya kupangia muziki, kama Jellyfin au Navidrome. Mtu aliyepo katika nyumba ya mapadre au ukumbini huchagua wimbo kwenye simu yake, na kisanduku humpelekea wimbo huo kidogo kidogo, kama maji yanavyotiririka bombani, bila kuujaza katika simu. Bando haliliwi, kwa kuwa sauti haitoki kwenda kwenye intaneti. Inazunguka humu humu ndani. Umeme ukikatika, basi, tunarudia kuimba kwa midomo, jambo ambalo si baya hata kidogo.

Katika kazi hii nimejifunza mambo matatu ambayo napenda kuwashirikisha.

Kwanza, kilichopo mahali pamoja hakijahifadhiwa. Wengi hudhani kwamba diski mbili ni usalama wa kutosha, maana kila kinachoandikwa katika moja huandikwa na katika ya pili. Ni kweli diski moja ikifa, nyingine huendelea. Lakini ukifuta wimbo kwa bahati mbaya, unafutika kotekote. Na mwizi, moto au radi havichagui diski. Ndiyo maana mafundi hushauri nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Nilitabasamu niliposikia kanuni hiyo, kwa sababu Kanisa lina hekima inayofanana nayo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 1283, zinadai orodha ya mali za Kanisa iwe na nakala mbili, moja ibaki katika kumbukumbu za utawala husika na nyingine ipelekwe kuria ya jimbo. Yule tajiri wa Injili ya Luka alivunja ghala zake ili ajenge kubwa zaidi (Lk 12:16-21), na zote zilikuwa zake mwenyewe. Nakala yetu ya tatu haikai parokiani. Tumeikabidhi kwa watu wengine, kwa maana kuhifadhi kunadai kuaminiana.

Pili, kilichohifadhiwa kinangoja kupokewa. Kanisa huyaita mafundisho yaliyotufikia kutoka kwa Mitume kwa jina la Mapokeo. Angalieni neno lenyewe: limetokana na kupokea. Mtume Paulo, anapowaeleza Wakorintho juu ya Karamu ya Bwana, asema aliwakabidhi kile alichokipokea yeye mwenyewe (1 Kor 11:23). Mkono wa kwanza unapokea, wa pili unatoa, na kati ya mikono hiyo miwili hakuna kabati.

Hapa niwaeleze jambo lililotokea kwetu. Mama mmoja aliyeimba sauti ya kwanza katika kwaya yetu kwa miaka mingi aliitwa na Bwana. Watoto wake walikumbuka kwamba sauti yake imo kisandukuni, katika wimbo wa Komunyo ambao kwaya ya sasa haiujui. Wakaniomba ipigwe katika spika wakati wa Misa ya mazishi. Ombi lao lilinichoma moyo. Ni nani asingetaka kumsikia mama yake mara moja zaidi? Nikawaambia: nyumbani, usiku wa mkesha, mpigeni mama asikike mpaka alfajiri. Lakini Misa ni tendo la watu waliopo, na sifa tunayompa Mungu pale yatupasa kuitoa vifuani mwetu wenyewe. Spika haiwezi kusali kwa niaba yetu.

Si wote walioridhika, nami sikuwalaumu. Usiku ule wanakwaya walikaa kwenye mkeka pamoja na wafiwa. Nyimbo zilizokuwa katika simu ya kijana mmoja zilipigwa, ukafika wimbo ule. Wakaurudia. Hapakuwa na karatasi ya nota. Mwalimu wao alikuwa marehemu mwenyewe, akiwafundisha kila sauti inapoingia na mahali pa kuvuta pumzi. Kesho yake wakati wa Komunyo waliuimba, kwa kutetemeka kidogo, na kisanduku kilikuwa kimezimwa. Mtoto wake mkubwa aliniambia baadaye: "Baba Paroko, tulitaka kumsikia mama, tumemsikia katika watu arobaini."

Tatu, hazina ina haki za watu. Wimbo una mtunzi, na mara nyingi mtunzi wa nyimbo za kanisani hakupata kitu ila sala zetu. Kunakili kaseti uliyoinunua ili isife, ukaisikiliza nyumbani kwako, ni jambo moja. Kuichukua kazi ya mwenzio ukaisambaza mjini au kuiuza kana kwamba ni yako ni jambo jingine. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kabla yake ilikuwepo Amri ya Saba. Rekodi za kwaya yetu wenyewe tutawapa wote walioziimba na familia zao. Za wengine zitabaki za kusikiliza ndani, mpaka wenyewe waseme.

Wapendwa, limebaki jambo moja, nalo ni la haraka kuliko ukungu wa kaseti. Katika kisanduku zimo faili nyingi zisizo na jina: sauti inaimba, wala hakuna anayejua ni ya nani, kigango gani, mwaka gani. Kompyuta haiwezi kutuambia. Wanaoweza ni wazee wetu walio katika jumuiya ndogo ndogo, na kila tunapomzika mmoja wao, majina kadhaa yanakwenda naye. Mungu hutuita kwa majina. Ndiyo maana kitabu cha ubatizo hakiandiki kwamba mtoto fulani alibatizwa siku fulani, bila kusema ni nani. Sauti zilizomsifu Mungu kwa miaka mingi zinastahili heshima hiyo hiyo.

Kwa hiyo nawaombeni. Mwenye kaseti ya kwaya ailete ofisini, hata kama imekatika. Mwenye mzee nyumbani amlete ukumbini siku ya Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi. Tutapiga nyimbo, atatuambia majina, kijana mmoja ataandika. Wanakwaya wapya waje na masikio, kisha waje na midomo. Tukifanya hivyo tutakuwa kama yule mwenye nyumba wa Injili, atoaye mapya na ya kale, na mlango wake u wazi.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, atuombee. Na roho za marehemu wote walioimba katika kanisa letu, kwa rehema ya Mungu, zipumzike kwa amani. Amina.

Nawatakieni Dominika njema.

Baba Paroko wenu