Sahihi ya Mifuko Sitini

Huku Industrial Area uaminifu unapimwa kwa mifuko ya saruji. Karatasi inasema 400, lori limeleta 340. Wewe mtu wa stoo unaambiwa weka sahihi, songa. Ukiuliza hizo sitini ziko wapi, unajibiwa, "Buda, hiyo ni chai ya kila mtu."

Nimefanya kazi ya stoo miaka mitano, nikitoka Umoja kila asubuhi. Karatasi kama hizo nimezikataa mara tatu. Mara ya kwanza walicheka, wakaniita pasta. Mara ya pili wasee wa kupakua mizigo walininunia, kwa sababu chai yao ilikuwa ndani ya hesabu ile. Mara ya tatu msimamizi aliniita kando, akaongea polepole: "Ndugu yangu, hata Yesu alilipa ushuru. Usitufungie riziki."

Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Lakini mathe alipolazwa, ni yeye aliyenikopesha pesa za hospitali, na hajawahi kunidai. Hapo ndipo imani hubanwa: unakataa ombi la mtu unayemheshimu, mbele ya watu ambao watoto wao unawajua kwa majina.

Kanisani tunaimba vizuri. Jumapili ukipita Jogoo Road unasikia kwaya moja ikipokezana na nyingine mpaka Donholm. Ila mahubiri mengi ni ya milango kufunguka. Ule mlango unaofungwa kwa sababu umekataa kuweka sahihi hauzungumziwi sana.

Ndiyo maana mimi hurudi kwa historia. Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kuna Wakristo wa Uamsho kule Kati waliokataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia kubeba bunduki za serikali. Walishukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Pale Murang'a kuna kanisa kuu lililojengwa kwa kumbukumbu yao, na ndani yake Elimo Njau alichora maisha ya Yesu akiwa Mwafrika katikati ya vilima vyetu. Sisemi walioingia msituni walikosea. Ardhi ilikuwa yao. Wala silinganishi saruji na damu. Kinachonigusa ni kwamba hawa walikataa bila kumwinulia jirani silaha.

Sheria nayo iko upande wangu. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtaka mwenye mamlaka kazini aripoti hongo ndani ya saa 24. Nilimsomea mathe vifungu hivyo kwa simu. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na rent italipwa na kifungu gani?"

Sikuwa na jibu. Ovataimu yangu ilikatwa mwezi uliofuata, nikahama chumba kikubwa, nikachukua kimoja kidogo karibu na steji. Deni la msimamizi nililimaliza kwa awamu, elfu moja moja. Awamu ya mwisho aliipokea, akanitazama, akasema tu, "Uko na kichwa ngumu." Tunasalimiana bado.

Wapakuaji ndio walionisumbua zaidi, kwa sababu hasara yao ni ya kweli. Mshahara wao ni mdogo, na ile chai ilikuwa inanunua unga. Kwa hivyo niliandika barua kwa ofisi, nikaomba posho yao iongezwe. Haijajibiwa. Nimeandika ya pili, na safari hii watatu kati yao wameweka sahihi chini ya yangu.