Kemu gia si bangili

Wiki hizi kila nikifungua simu naona injini iliyovuliwa kifuniko cha belti ili sote tuone puli mbili za rangi. Zambarau, nyekundu, bluu ya bahari. Zinang'aa, sikatai. Na wengi wenu mmeniuliza swali lile lile: niweke kemu gia za kurekebika? Nichukue zipi?

Jibu fupi: wengi wenu hamzihitaji, na wachache mnaozihitaji mnazitaka kwa sababu isiyo yake. Jibu refu ndilo hili. Msinikasirikie kabla hamjafika mwisho.

Tuanze na kitu chenyewe, manake watu wananunua wasichokijua. Kamshafti ni chuma kirefu chenye vinundu, kinakaa juu ya injini. Kila kinundu kikipita kinasukuma valvu ifunguke. Krankshafti huko chini ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Kinachoziunganisha ni belti au cheni, na ile puli ya meno iliyo kwenye ncha ya kamshafti ndiyo kemu gia. Ya kiwandani kwa kawaida ni kipande kimoja. Ya kurekebika ni vipande viwili: duara ya nje yenye meno, na kitovu cha ndani kinachoshikana na kamshafti. Vimefungwa pamoja kwa bolti zinazopita kwenye matundu marefu. Unalegeza bolti, unasogeza kitovu digrii moja mbili, unakaza. Belti iko pale pale, lakini valvu sasa zinafunguka mapema au kwa kuchelewa kuliko zamani.

Ni hivyo tu. Kemu gia haileti hewa wala petroli. Inabadilisha saa.

Na saa ina maana kubwa. Fikiria feri ya Likoni. Inafika, wanaotoka watoke, kisha wanaongoja waingie. Ukiwafungulia wanaongoja mapema mno, wanakutana uso kwa uso na wanaotoka, na hakuna anayekwenda. Kwenye injini ni hivyo hivyo: kuna kipindi kifupi ambapo valvu ya kutoa moshi haijafunga na ya kuingiza hewa ishaanza kufunguka. Injini ikizunguka polepole, kipindi hicho kikiwa kirefu, moshi unarudi kule hewa inakotokea, gari inatetemeka ikiwa imesimama na inanuka petroli. Lakini injini ikizunguka kasi sana, moshi unaotoka mbio unavuta hewa mpya nyuma yake, na hapo kipindi kirefu kinasaidia.

Kwa hivyo kanuni za jumla ni hizi. Ukiwahisha kamshafti ya kuingiza hewa, valvu inafunga mapema, unapata nguvu zaidi chini, gari ikianza kuondoka. Ukiichelewesha, unapata juu na kupoteza chini. Ukiwahisha ya kuingiza na kuchelewesha ya kutoa, kile kipindi cha kukutana kinarefuka. Karibu kila unachopata upande mmoja unakilipia upande mwingine.

Sasa niambie, wewe wa kisiwani, unataka upande gani?

Sheria ya Kenya inasema mwendo wa mjini ni kilomita 50 kwa saa. Na hata bila sheria, wapi utaenda? Digo Road kuna matatu, mikokoteni na tuk-tuk zinazokata kona bila kuangalia. Nyali Bridge jioni ni kusimama na kusogea. Likoni unazima gari kabisa, unanunua karanga. Mji wa Kale ndio usiseme: Ndia Kuu yenyewe ukikutana na gari nyingine mmoja wenu lazima arudi nyuma. Injini yako kwenye kisiwa hiki inaishi kati ya mizunguko 1,000 na 3,000 kwa dakika. Halafu unataka kulipa ganji ili ipate nguvu kwenye mizunguko 7,000? Utaiona siku gani, usiku ule wa kuringia watu Mama Ngina? Na pale watu wamekuja kula mihogo na kunywa madafu, hawakuja kusikiliza injini yako.

Jambo la pili ambalo hatulizungumzi: sisi tuko usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na presha ya hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na hapa. Ndiyo maana gari isiyo na turbo ikishuka kutoka Nairobi inakuwa kama imekula vizuri. Haijabadilishwa chochote, imepata hewa tu. Lakini upande wa pili wa hiyo neema ni kwamba mtu akikurekebishia kamshafti huko juu kisha ukaileta hapa, silinda zinajaa hewa zaidi, joto letu linaongezea, na injini ambayo ilikuwa salama inaweza kuanza kugonga. Kwa hivyo usichukue vipimo vya mtu wa Nairobi ukavipachika kwenye gari ya Tudor. Setingi inapimwa pale gari inapoishi.

Na la tatu, ambalo litawauma baadhi yenu: gari yako huenda ishakuwa nayo.

Serikali hairuhusu kuingiza gari ya mtumba iliyozidi miaka 8. Maana yake zile zinazoshuka Kilindini leo karibu zote zina mfumo wa kurekebisha kamshafti kutoka kiwandani. Kitu hiki si kipya. Alfa Romeo waliweka wa kwanza kwenye gari ya kuuzwa mwaka 1980, na Toyota wakaja na VVT-i katika miaka ya 1990. Hata Probox ile ya injini ya 1NZ-FE, ile inayobeba samaki na magunia na watu tisa, ina VVT-i. Ndani ya gia ya kamshafti kuna vyumba vidogo vya oili. Kompyuta ya gari inapeleka oili upande huu au ule, na kamshafti inasogea yenyewe, injini ikiendelea kuzunguka. Ni kemu gia ya kurekebika inayojirekebisha kila wakati, bure, bila rangi.

Adui yake ni oili chafu. Kule oili inakopita kuna njia nyembamba na kichujio kidogo. Ukipitisha muda wa kubadilisha oili mara mbili tatu, ukaweka oili ya kupimiwa kwenye chupa ambayo huijui asili yake, ule mfumo unakwama na gari inakuwa nzito. Halafu unakuja kuniuliza kuhusu puli za zambarau. Bro, badilisha oili.

Nani basi anayezihitaji? Wapo. Mwenye Toyota ya zamani ya 4A-GE ya valvu 16, ambayo kila kamshafti ina puli yake. Mwenye Honda ya B16. Mwenye Subaru ya EJ20 ya zamani, kamshafti 4, puli 4. Lakini hata hawa, kemu gia inakuwa na maana kukiwa na kitu kilichobadilika: umeweka kamshafti zenye vinundu vikubwa zaidi, au hedi imekwanguliwa sana.

Hili la kukwangua hedi ni letu hasa. Maji ya mfereji yakikatika, mtu anajaza rejeta kwa maji ya kisima, na visima vyetu wengi mnajua vina chumvi. Rejeta inaoza, injini inachemka, gasketi inaungua, hedi inatolewa na kupelekwa kukwanguliwa iwe sawa. Ikirudi iko chini kidogo kuliko ilivyokuwa, na kamshafti inachelewa kidogo, kwa sababu umbali kati yake na krankshafti umepungua. Kidogo kiasi gani? Chukua puli ya meno 48 na belti ambayo kila jino liko milimita 8 kutoka kwa jingine. Ukiondoa milimita moja nzima, ambayo ni nyingi mno, kamshafti inachelewa karibu digrii 1, yaani digrii 2 za krankshafti. Kukwangua kwa kawaida ni sehemu tu ya milimita. Lakini belti ikifungwa vibaya na kukosea jino moja, kwenye puli hiyo hiyo ni digrii 7.5 za kamshafti, 15 za krankshafti. Ziweke namba hizo kichwani, tunazihitaji sasa hivi.

Kuna mshikaji wangu wa Kibokoni, mamake anapika mahamri na mbaazi za kuuza na za shughuli. Gari ya nyumba ni Corolla 110, na ndiyo inayosambaza kila alfajiri. Ilichemka, ikafunguliwa hedi na fundi mmoja, na tangu irudi ikawa haina nguvu. Ikipanda daraja na masufuria unaihurumia. Mshikaji akaona video, akakusanya pesa, akanunua puli mbili za zambarau. Tukaenda naye kwa mzee mmoja mwenye gereji ya jua kali. Mimi humwita Ami, kama tunavyowaita wazee wengi huku.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba wanangu. Hizo za nani?"

Mshikaji akaeleza. Ami hakuzishika. Akauliza maswali matatu: hedi ilikwanguliwa kiasi gani, belti ilifungwa na nani, na je, umepima kompreshani? Hatukuwa na jibu hata moja. Akafungua kifuniko cha belti. Puli moja. Kwenye injini hiyo, 5A-FE, belti inazungusha kamshafti moja tu, na ya pili inazungushwa na gia iliyo ndani ya hedi. Ukisogeza moja, zote zinakwenda pamoja.

Ami akaichukua ile ya pili, akaitazama. "Na hii utavaa mkononi?"

Tulicheka mpaka mshikaji mwenyewe akacheka. Kisha Ami akazungusha injini kwa mkono, kwa spana, taratibu, mpaka alama ya chini ikakaa sawa. Alama ya juu haikuwa mahali pake. Jino moja. Belti mpya, alama zikakaa, akazungusha tena kwa mkono mara mbili kamili, akahakikisha, ndipo akaruhusu gari iwashwe. Akapima kompreshani, ikawa sawa silinda zote nne. Gari ikarudi kuwa gari. Puli za zambarau zikauzwa kwa hasara.

Angepata fundi mwingine akalazimisha zile puli, ile injini ingebaki na kosa lake chini ya rangi nzuri, na mamake angeendelea kuungua petroli kila alfajiri akidhani gari imezeeka. Hicho ndicho kinachoniudhi kuhusu mtindo huu. Wengi wetu gari tunazochezea si zetu. Ni za mama, za kaka, za mtu anayezitegemea kwa unga wa kesho.

Kama umesoma mpaka hapa na bado unaona unazihitaji, chagua hivi.

Hesabu puli kabla ya kununua. Belti au cheni? Kamshafti ngapi zinazungushwa moja kwa moja? Kuna VVT? Kama ipo, achana nayo.

Uliza alama zake ni digrii za kamshafti au za krankshafti. Digrii 4 za moja ni 8 za nyingine, na watu wameharibu injini kwa kutojua hilo.

Angalia meno na bolti. Puli nyingi ni za aluminiamu, na nzuri zina meno yaliyotiwa ugumu. Za kuigiza meno yake yanalika na kuisaga belti. Bolti ziwe nyingi, zikazwe kwa spana ya kipimo, kisha zichorwe mstari wa rangi ili ukiangalia ujue kama zimesogea. Bolti ikilegea, kamshafti inahama njiani.

Jua kama injini yako ni ile ambayo valvu na pistoni zinaweza kugongana. Honda ya B16 ni hivyo, EJ20 ya kamshafti nne ni hivyo. Kwenye hizo ukikosea kwa digrii nyingi unalipa hedi nzima.

Na ujue utapimia wapi. Bila ile mashine ya rola inayosoma nguvu ya magurudumu, au angalau fundi mwenye duara ya digrii na geji, unakisia. Sikio na makalio si kipimo. Moshi ukiwa na kelele zaidi, kila mtu anahisi gari inakimbia.

Fundi wako asipotaka kuzungusha injini kwa mkono mara mbili kabla ya kuiwasha, chukua funguo zako uondoke. Kwa adabu, lakini uondoke.

Mimi nazipenda kemu gia. Kitu kidogo kinachokuruhusu kumwambia kila valvu saa yake ya kuamka ni kitu kizuri sana. Ndiyo maana sitaki kiwe pambo. Kabla ya kuuliza uchukue zipi, uliza kwanza ni nini kilichobadilika kwenye injini yako hata saa yake ihitaji kusogezwa. Kama hakuna, zile pesa zina kazi: oili nzuri, belti mpya, maji safi ya rejeta. Na kama bado unataka kitu cha zambarau, Mwembe Tayari bangili zimejaa tele, chagua unayoipenda.