Paa la Shule na Jiko la Mama

Ninyi mlio vijijini mwayaona magunia ya makaa yakipakiwa yatoke katika misitu ya Pwani, Morogoro na Lindi. Sisi twayaona yakishushwa. Tu walimu katika mtaa mmoja wa watu maskini wa Dar es Salaam, mji uliohesabiwa watu zaidi ya milioni 5 katika mwaka 2022. Hapa gunia hugawanywa kwa makopo. Mama hununua kopo la asubuhi, na jioni hununua jingine. Ninyi mwapoteza miti, maana kilo moja ya makaa ya tanuri la udongo hula kilo tano hata kumi za kuni. Sisi twapata moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa moshi wa majumbani ulileta vifo milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020, na katika hao watoto wasiotimiza miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000.

Serikali ya Tanzania haikulinyamazia neno hili. Mwezi wa Mei 2024 ilizindua mkakati wake, ili ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wakipika kwa nishati safi. Ni jambo jema. Lakini mama wa mtaani haulizi habari za mkakati, huuliza, “Mwalimu, maharagwe yataiva? Na ni fedha ngapi?” Twaona mahali pa kumjibu ni shuleni, kwa sababu tatu.

Kwanza ni paa. Mpangaji wa chumba kimoja hana paa lake, bali shule inalo kubwa. Vibao vya jua vya kilowati moja vyataka nafasi ya mita za mraba 5 au 6 tu, navyo hutoa kama yuniti 4 za umeme kwa siku yenye jua.

Pili ni saa. Jua hukaza adhuhuri, wakati uji na maharagwe ya watoto yapo jikoni. Tena siku za Jumamosi na za likizo umeme huo hauna kazi shuleni. Basi na uchaji taa za jirani.

Tatu ni macho ya watu. Mzazi akiona sufuria ya umeme ya presha ikiivisha nusu kilo ya maharagwe kwa umeme usiofika yuniti moja, hahitaji hotuba. Na katika Malawi na Zambia ziko shule zinazoazimisha taa za jua kama maktaba iazimishavyo vitabu: mtoto huichukua jioni, akasomea, kisha huirudisha.

Walakini tuna hofu moja, wala hatutaki kuificha. Twaijua shule iliyopewa vibao na betri kwa shangwe kubwa. Aliyevitoa hakuacha fedha za matengenezo, wala kamati haikuweka akiba. Betri za asidi hazidumu miaka mingi. Za lithiamu hudumu zaidi, lakini nazo zina mwisho. Mwaka wa tatu taa zikazimika. Wazazi hawakusema, “Betri imekufa.” Walisema, “Umeme wa jua ni uongo,” wakarudia vibatari vyao. Hasara ya betri yaweza kulipwa. Hasara ya imani ya mtaa mzima ni nzito kuliko hiyo.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kila aazimaye taa na atoe senti kidogo. Fedha hizo zishikwe na watu watatu, mwalimu, mzazi na fundi wa mtaa, na hesabu yake isomwe mbele ya wazazi kila muhula. Wanafunzi wakubwa wafundishwe kufuta vumbi vibaoni na kutazama nyaya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nanyi ndugu wa vijijini, msidhani haya ni ya mjini tu. Shule zenu pia zina mapaa, na kila gunia lisilonunuliwa kwetu ni miti iliyosimama kwenu. Basi kamati ya shule ikutanapo, kabla ya kuuliza ni nani atakayetupa vibao, ulizeni ni nani atakayenunua betri ya pili.