Barua kutoka Uingereza: Mtoto mwenye usonji na saa za nyumbani

Mtoto mwenye usonji huonana na wataalamu kwa saa chache sana katika mwaka mzima. Saa zilizobaki yuko nyumbani, shuleni au njiani, na sehemu kubwa ya saa hizo iko mikononi mwa mzazi. Kwa hiyo msaada wowote wa maana kwa mtoto hupitia kwa mzazi: apate usingizi, ajue la kufanya mtoto anapozidiwa, awe na mtu wa kumpokea kwa saa mbili tatu, na karatasi za serikali zisimmalize. Huku Uingereza, ambako familia nyingi za Wakenya, Watanzania na Wakongo zimeweka makazi, mambo mengi ya namna hii yameandikwa katika sheria. Yaliyoandikwa na yanayofika mlangoni hayalingani, lakini kule kuandikwa tu kumempa mzazi kitu cha kushika.

Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoonekana katika mawasiliano, katika namna mtoto anavyopokea sauti, mwanga na mguso, na katika haja yake ya kuona mambo yakienda kwa utaratibu ule ule. Mara nyingi huambatana na ADHD, hali inayofanya kutulia na kufuata jambo moja hadi mwisho kuwa kazi nzito, au na disleksia, ambayo hutatiza kusoma na kuandika. Hali hizi hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na si ajabu mzazi kugundua yake siku anapojaza fomu ya mtoto. Hazitokani na chanjo. Makala ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet iliyozua hofu hiyo ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, na daktari aliyeiongoza, Andrew Wakefield, akafutwa katika orodha ya madaktari mwaka huo huo. Hofu yenyewe haikufutwa. Ingali inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, tena kwa Kiswahili fasaha.

Kwa muda mrefu mzazi alikuwa mshtakiwa. Leo Kanner alieleza usonji kwa mara ya kwanza kwa Kiingereza mwaka 1943, na katika miongo iliyofuata wataalamu wengi, Bruno Bettelheim akiwa maarufu kuliko wote, walifundisha kwamba chanzo ni mama asiye na upendo. Aliyevunja hoja hiyo alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Marekani na baba wa mtoto mwenye usonji, katika kitabu chake cha mwaka 1964. London, wazazi walikuwa wameshaungana mwaka 1962 kuunda chama ambacho leo kinaitwa National Autistic Society. Miongoni mwao alikuwamo Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa na binti mwenye usonji. Baada ya miaka mitatu wakafungua shule yao Ealing chini ya mwalimu Sybil Elgar. Huduma nyingi ambazo mhamiaji anazikuta leo zilianzia kwa wazazi wa aina hii, waliochoka kulaumiwa. Lawama imebadili mavazi tu. Kwenye simu kutoka nyumbani husikika kwamba mtoto amerogwa, au kwamba mama alivunja mwiko akiwa na mimba. Kwenye ofisi ya shule mzazi huulizwa kwa upole kuhusu malezi, kisha hupelekwa darasa la ulezi kabla mtoto hajapimwa.

Ndani ya nyumba, jambo la kwanza ni usingizi. Watoto wengi wenye usonji huchelewa kulala au huamka saa nane za usiku wakiwa macho makavu, na mzazi wa ughaibuni mara nyingi ni mtu wa zamu, hasa katika nyumba za kutunza wazee. Wataalamu huanza na utaratibu wa jioni usiobadilika, simu na televisheni kuzimwa mapema, na daftari la kuandika saa za kulala na kuamka kwa wiki mbili. Hayo yakishindikana, daktari anaweza kuandika melatonini. Ushauri ambao husahaulika ni kwamba wazazi wawili wagawane usiku, mmoja alale chumba kingine mlango umefungwa. Wote wawili kukesha huonekana kama upendo, lakini asubuhi huacha nyumba bila mtu mzima mwenye akili timamu.

Asubuhi hutulizwa na picha. Ukutani hubandikwa hatua kwa mpangilio: choo, mswaki, sare, chai, viatu, begi. Mtoto anayepotea katika maneno hufuata picha bila kugombezwa, na mama hupunguza kurudia sentensi moja mara kumi. Badiliko lolote la ratiba hutangazwa mapema kwa njia hiyo hiyo, hata likiwa dogo kama kupita barabara nyingine. Chakula kinahitaji uvumilivu wa aina yake. Mtoto asiyekubali chochote ila wali mweupe na chipsi hatendi ukaidi. Mguso au harufu ya mchuzi inaweza kumkera kuliko inavyomkera mtu mwingine. Kumlazimisha huzaa chuki ya meza. Kinachoshauriwa ni kuweka chakula kipya pembeni, bila neno, hata kama kitaondoka bila kuguswa.

Mzazi pia hufundishwa kutofautisha deko na kuzidiwa. Mwenye deko huangalia kama anatazamwa, na hunyamaza akipewa alichotaka. Aliyezidiwa hana anachotaka ila kitu kimoja: sauti, taa na watu vipungue. Dukani au kwenye basi, maneno mengi huongeza moto. Linalofaa ni kumtoa penye kelele, kumvalisha vifunika masikio, kukaa karibu naye kimya na kusubiri. Fimbo hapa haifundishi kitu, kwa sababu mtoto hakuchagua. Nalo suala la usalama haliahirishwi: baadhi ya watoto hawa hutoroka, na wengi wao huvutwa na maji, kwa hiyo komeo la juu mlangoni na masomo ya kuogelea ni mambo ya dharura.

Ushahidi kwamba mzazi mwenyewe anaweza kuwa mkono wa tiba umepatikana Uingereza. Katika utafiti wa PACT, ulioongozwa na Jonathan Green wa Manchester kwa watoto 152, mzazi alirekodiwa video akicheza na mtoto wake, kisha akaitazama pamoja na mtaalamu na kuonyeshwa vile vitambo vifupi ambapo mtoto alitaka kuwasiliana na mtu mzima akapitiliza. Matokeo ya mwanzo, mwaka 2010, yalionyesha kuwa wazazi waliwaelewa watoto wao vizuri zaidi, ingawa dalili zenyewe hazikupungua sana. Watoto walipofuatiliwa baadaye, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, dalili za kundi hilo zilikuwa nafuu kuliko za wenzao. Njia hiyo ilirekebishwa kwa ajili ya India na Pakistani, na huko iliendeshwa na wahudumu wa afya wasio mabingwa. Kwa Afrika Mashariki, ambako mtaalamu wa usemi ni wa kutafuta kwa tochi, habari hii ina uzito kuliko habari za mashine na dawa mpya.

Familia za wahamiaji hupewa pia ushauri mmoja mbaya: kwamba mtoto aliyechelewa kusema azungumziwe Kiingereza peke yake, asije akachanganyikiwa. Tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wa lugha moja na wa lugha mbili hazikuona kwamba lugha ya pili huwadhuru. Madhara yako upande mwingine. Mama anayeacha Kiswahili huanza kumbembeleza mwanawe kwa lugha anayoitumia kazini, maneno humwishia, utani hupotea, na bibi wa Mwanza au Mombasa hukosa cha kuongea na mjukuu kwenye simu.

Halafu kuna karatasi. Sheria ya Watoto na Familia ya mwaka 2014 inampa mtoto wa England mwenye mahitaji makubwa haki ya mpango wa elimu, afya na matunzo, ambao kila mtu anauita EHCP. Mzazi anaweza kuuomba mwenyewe kwa barua kwa halmashauri, hata shule ikiwa haijaomba, na hata kabla mtoto hajapata jina la hali yake hospitalini. Halmashauri ina wiki 6 kuamua kama itamtathmini mtoto, na mpango unapaswa kukamilika ndani ya wiki 20. Karibu nusu ya mipango hutoka kwa wakati. Foleni ya kupimwa usonji ni ndefu zaidi: mwongozo wa taifa unataka upimaji uanze ndani ya miezi mitatu, lakini kufikia mwaka 2025 watu zaidi ya 200,000 walikuwa wakisubiri England. Halmashauri ikikataa, mzazi anaweza kukata rufaa katika baraza la rufaa, na miaka ya karibuni wazazi wameshinda zaidi ya asilimia 95 ya mashauri yaliyofika kusikilizwa. Takwimu hiyo husifiwa kama ushindi wa wazazi. Inafaa pia kusomwa kama orodha ya watoto waliokataliwa kimakosa, na kuwakumbuka wale ambao mama zao hawakuwa na nguvu ya kukata rufaa. Kila eneo la halmashauri lina huduma ya ushauri isiyolipiwa, SENDIASS, na mzazi anayeanzia hapo huokoa miezi.

Posho ya ulemavu ya mtoto, DLA, haiangalii mshahara wa wazazi wala haidai jina la ugonjwa. Inaangalia kama mtoto anahitaji uangalizi kuzidi kwa mbali mwenzake wa umri ule ule. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 sehemu ya matunzo ilikuwa pauni 29.20, 73.90 au 110.40 kwa wiki. Mzazi anayemtunza mtoto huyo kwa saa 35 au zaidi kwa wiki, na mwenye kipato kidogo, anaweza kuongezewa posho ya mlezi, ambayo mwaka huo ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki. Fomu ina kurasa zipatazo 40, na Mswahili huijaza vibaya kwa sababu ya adabu yake. Aliyezoea kuitikia «salama» hata akiwa na msiba ndani huandika kwamba mtoto anakula, analala, anavaa, Mungu mkubwa. Msomaji wa fomu hajui kwamba baada ya salama huja «ila». Washauri husisitiza iandikwe siku mbaya, kwa saa na dakika: nani aliamka, mara ngapi, na nini kilivunjika.

Mtoto ambaye viza yake ina sharti la kutotumia fedha za umma hapati posho hizi, na kuomba kimakosa kunaweza kuharibu viza. Hapo wengi hukata tamaa na kuacha kila kitu. Kumbe EHCP na msaada wa shuleni havihesabiwi kuwa fedha za umma, wala msaada wa halmashauri chini ya kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya mwaka 1989. Kifungu hicho humtambua kila mtoto mwenye ulemavu kuwa mtoto mwenye uhitaji, na ndipo yanapotoka mapumziko mafupi: mtu wa kukaa na mtoto Jumamosi, au klabu ya likizo. Wazazi huogopa kuomba wakidhani maofisa wa ustawi wa jamii watamchukua mtoto. Uchunguzi wa mtoto aliye hatarini uko katika kifungu kingine, cha 47, na kuomba mapumziko si kukiri kushindwa malezi. Hofu hiyo lakini haikuzuka hewani. Familia iliyowahi kukutana na dola kwa ubaya, iwe Goma au kwenye ofisi ya uhamiaji, haiwezi kutulizwa kwa kipeperushi.

Ambacho karatasi haitoi ni watu. Nyumbani kuna shangazi, dada wa kazi, jirani anayejua mtoto ni wa nani. Ughaibuni kuna ukuta na jirani anayelalamikia kelele. Bibi akija kwa viza ya matembezi kwa kawaida hukaa muda usiozidi miezi 6. Kwa hiyo msaada wa jumuiya unafaa uwe mdogo na wa kudumu. Anayejitolea kumpeleka mpirani mtoto mwingine wa nyumba hiyo kila Jumapili humsaidia mama kuliko anayeleta sufuria ya pilau mara moja kwa mwaka. Makanisa na misikiti michache imetenga chumba tulivu, ili familia isiache ibada kwa aibu. Wakwe na ndugu husaidia zaidi wanapoelezwa mambo matatu tu ya mtoto huyu: kinachomtisha, kinachomtuliza, na anavyosema kwamba imetosha. Mihadhara mirefu kuhusu ubongo hawaifuati, na si lazima.

Safari ya nyumbani inawezekana. DLA huendelea kulipwa mtoto akiwa nje kwa muda usiozidi wiki 13, na utepe wa alizeti ulioanzia uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016 humwambia mhudumu kwamba msafiri ana ulemavu usioonekana. Kurudi moja kwa moja ni hesabu nyingine. Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu, EARC, tangu mwaka 1984, na ruzuku ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkali. England, DLA huisha mtoto akifika miaka 16 na kufuatiwa na posho ya watu wazima, PIP, wakati EHCP inaweza kuendelea hadi miaka 25 akiwa bado masomoni. PIP hailipwi kwa anayehamia Kenya au Tanzania. Ndiyo maana baadhi ya wazazi waliojenga Kitengela au Kibaha kwa ajili ya uzee wameweka wapangaji, na kwa wengine mmoja hurudi, mwingine hubaki na kijana.