Biti ya Kwanza, Programu Ipi?

Kijana jirani yangu hapa Kangemi kaniuliza aanze kutengeneza biti na programu gani. Wenzake wanamsukuma kwa FL Studio, ile iliyozaliwa 1997 ikiitwa FruityLoops. Jamani, ni nzuri kweli. Lakini toleo la majaribio lina mtego: unahifadhi kazi leo, kesho haifunguki mpaka ulipie. Nakala za wizi hazikosi mjini, ila mwanamuziki atadaije haki zake pale River Road ikiwa ameanza kwa kuiba? Basi nimemwambia achukue LMMS. Ni ya bure, na inafungua kazi zake zote. Haiwezi kurekodi sauti ya mwimbaji. Hiyo aiachie Audacity, nayo ni ya bure. Akipata hela, FL Studio atainunua.